Jenereta Ipo

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usihangaike, sogea hapa. Tulimwacha Mkaguzi amepiga magoti kwenye uwanja wa nyuma wa mahakama, sketi yake nzuri imekula vumbi, mkono wa kulia umezama chini ya tumbo la jenereta. Kidole chake kilikuwa kimegusa kitu, naye akatabasamu. Na yule dada akitabasamu, msomaji, ujue kuna mtu atalia.

Alichogusa ni rangi ya kucha.

Wakaguzi wengine huhesabu mali ya serikali kwa macho, wakapewa soda, wakaenda zao. Huyu wetu hakuamini macho. Kila kitu alichokikagua alikidondoshea tone la rangi nyekundu ya kucha, mahali ambapo mtu mwenye akili zake haendi kuchungulia. Siri hiyo hakumwambia hata mamaye. Kisha husimama, akajikung'uta, akatangaza kwa sauti neno lake moja: "Ipo!" Ndiyo maana ofisi zote zilimbandika jina la Bi Ipo, akishageuza mgongo lakini.

Jana alikuwa hospitali. Akaonyeshwa jenereta ya hospitali, akadondosha tone lake chini ya tangi la dieseli, akasema ipo. Leo alikuja kuona jenereta ya mahakama. Kesho angekwenda idara ya maji kuona ya kwao. Jenereta tatu, ofisi tatu, zote chini ya kamati moja ya mali za pamoja. Ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo ilivyoapiwa.

Sasa tone lake la jana lilikuwa hapa mahakamani, limekauka, linateleza chini ya kidole.

Bi Ipo aliinuka taratibu. Akaikwaruza kwa ukucha namba ya mahakama iliyopulizwa ubavuni mwa mashine. Rangi yake nyekundu ikatoka mbichi, ikamchafua ukucha.

"Karani Mkuu," aliita. "Hii jenereta yenu mnayo tangu lini?"

"Tangu enzi, Bi Mkaguzi."

"Ina tabia ya kutembea?"

"Mashine haina miguu," alisema Karani Mkuu, akacheka peke yake.

"Hii inayo. Jana imelala hospitali."

Dereva wa trekta lililoivuta jenereta mpaka hapo, aliyekuwa kando akijifanya anapapasa tairi, hakungoja kusikia la pili. Alirukia trekta lake, akaliwasha, akatoka nalo kwa geti la nyuma na kuliacha tela na jenereta yake vikiwa vimeduwaa uwanjani. Watu waliokuwa wanasubiri kesi zao walishangilia. Kwao hiyo ilikuwa sinema ya bure.

Karani Mkuu hakutetereka. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya mali za pamoja, mtu wa suti hata jua likiwaka, mwenye sauti laini ya kumsomea mtu kifungo. Simu yake ilitetemeka mfukoni. Akaitoa, akaitazama kwa uso wa kuchoka, akaizima mlio na kuirudisha.

"Mke wangu," alisema. "Miaka yote hii hajajua kwamba mahakamani simu hazipokelewi. Tuendelee, Bi Mkaguzi. Ulikuwa unatutukana."

Hapo ndipo ziliposikika funguo.

Funguo hizo husikika kabla ya mwenyewe kuonekana, maana anazo za ofisi zote tatu kwenye pete moja kiunoni. Ni msimamizi wa mali za pamoja, wanamwita Bwana Funguo, na ndiye anayeitembeza jenereta hii moja mbele ya kila mkaguzi tangu zile mbili zilipoyeyuka. Lakini kwa Bi Ipo ana jina jingine. Ni kaka yake, tumbo moja, ziwa moja. Ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule mguu ulipomvimba, akazomewa njia nzima na wenzake wala hakumshusha.

Tulishaona siku ya kwanza ya ukaguzi jinsi Bi Ipo alivyomwambia usoni, "Wakati wa ukaguzi sina ndugu," akaifungia namba yake ya simu mbele yake.

Leo Bwana Funguo alikuja anahema.

"Mdogo wangu, nakuomba. Mashine irudi hospitali sasa hivi. Nifukuze, nifunge, nitakueleza yote, lakini irudi kwanza."

"Irudi ikajifiche wapi tena?"

"Mama yuko mezani."

"Meza gani?"

"Ya upasuaji! Mama yetu yuko chumba cha upasuaji, na hospitali haina jenereta!"

Bi Ipo alimtazama kaka yake kuanzia viatu mpaka kichwani. Kisha akacheka, na watu wakacheka naye.

"Mama anapasuliwa Alhamisi. Ruhusa ya kazi nimeomba ya Alhamisi. Leo Jumanne, kaka. Hata uongo unahitaji kalenda."

"Wameisogeza. Daktari kapata nafasi asubuhi hii, nikampeleka mwenyewe. Nimekupigia weee..."

"Nimekufungia."

"Najua umenifungia!"

Tusimlaumu sana bibie. Ni huyu huyu Bwana Funguo aliyekuja mbio juzi akisema ghala linawaka moto, ili tu ukaguzi uahirishwe, na ghalani hapakuwa hata na moshi wa sigara. Mdomo uliozoea uongo hata ukisema kweli unanuka vilevile. Ila kulikuwa na njia nyingi za kutomwamini mtu, naye alichagua iliyo mbaya kuliko zote.

"Jenereta mbili umeshaziuza," alisema, kila mtu akisikia. "Sasa umebakiwa na mama, unamuuza naye?"

Bwana Funguo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kidevu chake kilitetemeka mbele ya watu. Kutoka kwenye mabenchi mtu alipiga mluzi, akapaza sauti, "Kamla kaka yake mzima mzima!" Bi Ipo alisikia, na nasema kweli, alifurahi.

Alifungua mkoba, akatoa utepe mwekundu wa ukaguzi, akaizungushia ile mashine kama zawadi. Akabandika muhuri wake. Kisha akawageukia askari wawili wa mahakama.

"Chochote chenye utepe huu hakisogezwi mpaka niseme mimi. Hata kama kuna mtu anakufa chini yake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walisema askari.

"Tumeelewana kabisa," alisema Karani Mkuu, na msomaji, yashike maneno hayo.

Ndipo feni zikaanza kupunguza mwendo.

Ndani ya mahakama zilizunguka kivivu, mara mbili tatu zaidi, zikasimama. Taa ya barazani ikazimika. Kutoka chumba cha kesi kikapanda kile kilio cha watu wengi ambacho kila mlipaji wa bili anakijua. Umeme umekatika.

"Aaa!" alisema Karani Mkuu, akijipepea kwa faili. "Bi Mkaguzi, si umesema ipo? Tuiwashe basi tupate upepo."

Watu walikufa kwa kicheko. Bi Ipo mwenyewe alikuwa anataka kutabasamu, jicho lake likaangukia kwa kaka yake.

Bwana Funguo alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, mikono kichwani. Hakuwa anaomba tena. Hakuwa anamtazama mtu. Funguo zote zilikuwa zimelala kimya ardhini pembeni yake, na katika maisha yake yote Bi Ipo hakuwahi kuzisikia zikiwa kimya.

Uongo haukai hivyo. Alijua palepale.

Vidole vyake vilikosea namba, vikakosea tena. Hatimaye nesi wa chumba cha upasuaji, ambaye namba yake alikuwa nayo kwa ajili ya Alhamisi, akapokea simu yake akipiga kelele.

"Nani? Sema haraka!"

"Nauliza mgonjwa... kuna mgonjwa ndani?"

"Dada, tumeshapasua, tuko gizani! Tunamulika kwa simu, pumzi tunamsukumia kwa mkono! Mgonjwa anamwaga damu hatuoni inakotoka!"

"Mgonjwa ni nani?"

"Mwanamke! Wewe ni wa umeme?"

"Hapana, mimi..."

"Jenereta yetu imechukuliwa asubuhi, wamesema inakwenda kukaguliwa. Iko wapi?"

"Ipo," alisema Bi Ipo.

"Ipo wapi?"

"Ipo hapa."

"Hapa ni wapi, wewe mwanamke? Toka kwenye simu, hii ndiyo tochi yangu!" Simu ikakatwa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mashine haikuondolewa hospitali na wezi. Iliondolewa ili yeye aione. Kama asingekuja kukagua, ingekuwa mahali pake, ingenguruma yenyewe umeme ulipokatika, na mama angekuwa anashonwa kwa mwanga wa kutosha. Bi Ipo aliyaona hayo yote kwa mkupuo, akaurukia utepe wake mwenyewe na kuuchana kwa meno.

Makofi yakasikika. Alikuwa Karani Mkuu, akipiga polepole.

"A-a, Bi Mkaguzi. Hata kama kuna mtu anakufa chini yake. Si ulisema tumeelewana?"

"Nimeufungua mimi niliyeufunga! Nisaidieni kuivuta!"

"Uivute na nini? Trekta umelikimbiza."

Ilikuwa kweli. Jenereta ilikaa juu ya tela, nzito kuliko nyumba, na barabara ya hospitali ni mlima. Bwana Funguo alikuwa ameshainuka, anazungusha macho uwanjani. Yakatua kwenye gari la mahabusu, ambalo lilikuwa na ndoano ya kuvutia tela nyuma.

"Lile gari!" alisema. "Mzee, tupe lile gari. Tafadhali."

Karani Mkuu alizitoa funguo za gari mfukoni, akazitazama kama anazionea huruma.

"Gari hili ni la mahakama. Si mali ya pamoja. Njoo ofisini tuongee, Bi Mkaguzi. Peke yako."

Bwana Funguo alimrukia. Askari wawili wakamdaka hewani, wakamlaza kifudifudi, mmoja akamkalia. Bi Ipo akamwacha kaka yake akila vumbi, akaingia ofisini.

Ofisi ilikuwa na giza na joto. Karani Mkuu alikaa, akalegeza tai, akaweka simu yake juu ya meza na funguo pembeni ya simu. Mbele ya Bi Ipo akaweka karatasi na kalamu.

"Andika kwamba umezikagua jenereta tatu. Ya hospitali, ya mahakama, ya idara ya maji. Zote umeziona, zote ni nzima. Weka na muhuri wako."

"Mama yangu anakufa."

"Ndiyo maana nakushauri uandike haraka."

"Mzee, nitaandika baadaye, nakuapia. Tukitoka hospitali nitaandika chochote."

"Umeniapia wewe, uliyesema wakati wa ukaguzi huna ndugu? Kama ndugu huna, mimi ni nani kwako?"

Bi Ipo alipiga magoti. Yale magoti aliyoyapiga asubuhi kwa ujuzi, sasa aliyapiga kwa dhiki, juu ya sakafu ya simenti. Karani Mkuu akainama amtazame vizuri, kama mtu anayetazama bidhaa.

"Mama zetu ni watu wazima, bibie. Wamekula chumvi nyingi. Kama siku yake imefika, taa haizuii."

Simu ikatetemeka juu ya meza. Ikajisogeza yenyewe kidogo kidogo mpaka ikagonga funguo. Karani Mkuu akaipindua kifudifudi.

"Mke wangu huyu akianza hakomi. Andika."

Bi Ipo aliandika.

Mnajua jina la mkaguzi ni nini? Ni kitu kimoja tu, kwamba akisema ipo, ipo. Amekaa nalo tangu ujana, amekataa soda, amekataa bahasha, amekosa marafiki, amekosa hata mume, wengine husema, kwa sababu yake. Jina hilo alilimaliza kwa mistari michache, kwa kalamu ya kuazima.

Alipomaliza, Karani Mkuu alivaa miwani. Akasoma taratibu. Akarudia mwanzo.

"Hapa umesahau nukta."

Akaweka nukta.

"Na hapa mwandiko hausomeki. Umeandika kama mtu anayekimbizwa. Rudia mstari huu."

Akarudia. Simu ikatetemeka tena, ikanyamaza, ikatetemeka.

"Sasa niambie kwa mdomo," alisema Karani Mkuu, amejiegemeza kwenye kiti. "Watu wanasema unalisema vizuri sana. Ya hospitali?"

"Ipo."

"Ya mahakama?"

"Ipo."

"Sikusikii."

"Ipo!"

"Ya idara ya maji?"

Machozi yalikuwa yameshafika mdomoni, akayameza pamoja na neno. "Ipo."

"Mungu akubariki," alisema Karani Mkuu, akamsukumia funguo. "Tangulieni. Nakuja nyuma yenu na gari langu. Daktari naye aweke sahihi yake kwamba ya hospitali ipo, mambo yaishe leo leo."

Bwana Funguo aliendesha. Damu ilikuwa inamtoka puani na hakuifuta. Tela lilirukaruka nyuma, honi haikunyamaza, watu waliokuwa wakivuka barabara walirudi kwa matusi. Kaka na dada hawakusemeshana mpaka katikati ya mlima.

"Kwa nini uliitoa na mama yuko mezani?"

"Karani Mkuu aliniambia ni mara moja tu. Uione, tuirudishe. Umeme ulikuwepo." Akabadilisha gia, gari likalia. "Jenereta sikuuza mimi. Mimi nilipewa funguo za vyumba vitupu nikaambiwa nivifunge."

Bi Ipo alitaka kusema neno la msamaha. Neno hilo hakuwa amelifanyia mazoezi, na geti la hospitali likafika kabla halijatoka.

Sifa apewe anayestahili. Bwana Funguo aliunganisha zile nyaya kama mama anavyofunga vifungo vya shati la mwanawe, bila kutazama. Mashine ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatema moshi mweusi, halafu ikashika na kunguruma mpaka madirisha yakatikisika. Taa zikawaka jengo zima. Watu wakapiga makofi.

Bi Ipo alikuwa ameshaingia ndani, anakimbia kwenye korido, viatu mkononi. Alipiga kona ya chumba cha upasuaji, akasimama ghafla hivi kwamba alishika ukuta asianguke.

Kwenye benchi nje ya mlango amekaa mama yake. Amevaa gauni la wagonjwa, mkoba wake uko mapajani, na anaonekana mwenye hasira.

"Mbona unakimbia kwenye hospitali ya watu?" alisema mama. "Na viatu?"

Bi Ipo alimshika uso, mabega, mikono, kama anamkagua. Akaanza kulia kwa sauti.

"Mama! Si walisema uko mezani?"

"Nilikuwa. Nimeshalala pale juu, wanatafuta mshipa, akaletwa binti mja mzito, mtoto kakaa vibaya, anapiga makelele ya kutoa roho. Nikawaambia nishusheni mimi, mpandisheni huyu. Uvimbe wangu nimeishi nao miaka, utanisubiri." Akashusha sauti. "Wakampasua tu, taa zikazimika. Ee mwanangu, niliyoyasikia humo ndani sitaki kuyasema."

Bi Ipo alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mama yu hai! Haya mengine na yaje. Kisha akili yake, ile ya kazi, ikaamka.

"Binti wa nani, mama?"

"Mimi nitajuaje? Mama yake yule pale."

Mwisho wa korido mwanamke mmoja alikuwa amesimama, paji la uso limegusa ukuta, simu sikioni. Hakuwa anazungumza. Alikuwa anasikiliza simu inayoita bila kupokelewa.

"Maskini, anampigia baba wa binti tangu walipofika," alisema mama. "Walitaka aruhusu jambo, au alete damu, sikuelewa. Baba mwenyewe hapokei."

Nyuma ya Bi Ipo kitu kilitetemeka.

Aligeuka. Karani Mkuu alikuwa anakuja kwenye korido, suti imenyooka, ile karatasi mkononi, simu inatetemeka mfukoni mwake naye hana habari nayo. Alimwona mama mzee ameketi mzima, akatanua mikono.

"Si huyu hapa! Unaona, Bi Mkaguzi? Nilikwambia, kama siku haijafika haijafika. Umelia bure."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Daktari akatoka. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na kwa jinsi alivyotazama sakafu, mama mzee alianza kujifunika mdomo.

"Daktari! Ndiye niliyekuwa namtafuta," alisema Karani Mkuu, akimnyooshea karatasi na kalamu. "Kuna sahihi ndogo tu hapa, haitakuchukua muda."

"Ngoja kwanza, mzee," alisema daktari bila kuinua macho. "Namtaka baba wa mgonjwa. Baba wa huyu binti yupo?"

Mwanamke wa ukutani alikuwa ameteremka taratibu mpaka sakafuni, simu bado sikioni.

Bi Ipo aliinua kidole, kile kile chenye rangi nyekundu kwenye ukucha, akakielekeza kwenye suti.

"Yupo," alisema.